Laptopu ipigishe kwata kwanza, usije ukalia kama mimi

LEO nianze kwa kukiri kosa, msomaji wangu. Mara nyingi kwenye safu hii huwa nawasema wengine, lakini safari hii wa kusemwa ni mimi mwenyewe, tena nisemwe sana tu.

Mama yangu ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama huku kwetu Mbagala. Wako 26. Kila Jumamosi saa kumi jioni wanakaa chini ya mwembe wa jirani, wananunua hisa, wanarejesha mikopo, wanachangia mfuko wa jamii, kisha wanakunywa chai na kupashana habari za mtaa. Kuna mama lishe humo, kuna wauza vitumbua, kuna mafundi cherehani. Hakuna fedha ya mchezo pale. Kila shilingi imetoka jasho.

Hesabu zote zilikuwa kwenye kaunta buku moja kubwa lenye jalada jeusi. Mimi, kwa kuwa nimefika kidato cha nne na jina langu linaonekana magazetini, nikapewa kazi ya kumsaidia mama kuandika. Sasa si unajua, mtu ukijua kidogo kichwa nacho kinavimba. Nikamwambia mama kwamba kaunta buku limepitwa na wakati, siku hizi watu wanakwenda na kompyuta. Nikakusanya akiba yangu, shilingi 350,000, nikapanda daladala hadi mjini.

Duka lenyewe jina kapuni. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, mdomo wake una asali. "Kaka, hii imetoka Dubai juzi tu. Itazame, haina hata mkwaruzo." Akaiwasha, ikawaka. Akafungua picha ya milima, ikapendeza. Akaweka muziki, ikaimba. Dakika kumi hazikutimia, na mle dukani kiyoyozi kinapuliza kama tuko Makete. Nikalipa. Nikarudi Mbagala nimeikumbatia kama mtoto mchanga.

Jumamosi saba nikaandika hesabu kwenye laptopu. Kaunta buku likalazwa chini ya godoro, hakuna aliyeligusa. Akina mama wakanisifia, "Mtoto wako msomi huyo!" Mama naye akawa anatembea kifua mbele.

Jumamosi ya nane ilikuwa mwezi wa pili, na joto la Dar la mwezi wa pili mnalijua wenyewe. Nikiwa katikati ya kuandika marejesho, laptopu ikazima yenyewe. Nikaiwasha, ikaleta skrini ya buluu. Nikaiwasha tena, kikasikika kitu ndani kinagonga tik, tik, tik. Baada ya hapo, kimya. Haikuwaka tena mpaka leo.

Nikaikimbiza kwa fundi mmoja Mwananyamala. Akaifungua, akatikisa kichwa. Feni imeziba kwa vumbi. Ile dawa inayopakwa juu ya prosesa ili kupitisha joto imekauka kama ugoro wa zamani. Diski ndiyo imekufa kabisa. Akaniambia maneno ambayo siyasahau: "Mdogo wangu, hii ulinunua ikiwa mgonjwa. Dukani waliipaka poda tu."

Kumbe nilinunua kimeo!

Nisikuchoshe na aibu iliyofuata. Wiki saba za fedha za watu hazikuwa na maandishi. Mmoja akasema alirejesha 60,000, mwingine akasema hisa alizonunua ni tano na si tatu. Sidhani kama kuna aliyekuwa anadanganya, ila kila mtu alikuwa na kumbukumbu yake. Tukafukua meseji za kutuma fedha kwenye simu, tukalinganisha, bado 140,000 hazikuwa na pa kuziegemeza. Mama hakubishana. Alizitoa kwenye mtaji wa genge lake, na kwa wiki mbili pale gengeni palikuwa na nyanya na vitunguu peke yake.

Usiku ule aliniuliza swali moja tu. "Mwanangu, lile dude ulilijaribu kabla ya kuweka fedha za watu humo?"

Sikuwa na jibu.

SERIKALI NAYO ILISHAUNGUA

Katika kujificha na aibu yangu nikaanza kusoma, nikakuta kwamba sikuwa wa kwanza hapa nchini kuhamisha hesabu kichwa kichwa. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa mwaka 1965, na unajua wapi? Wizara ya Fedha. Hadi kufika mwaka 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba.

Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970 hesabu za serikali zikahamishiwa kwenye kompyuta. Wataalamu wa nyumbani walikuwa haba na kazi ikategemea sana wageni. Mfumo ukagoma, hesabu zikavurugika, fedha nyingi za kigeni zikapotea, na mwisho wa yote ikabidi kurudi kwenye njia ya zamani ya mkono. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku ile ilikuja kulegezwa baadaye, lakini miaka ilikuwa imeshakwenda.

Niliposoma habari hiyo nikamkumbuka mama na kaunta buku lake. Naye baada ya mkasa wetu alitangaza kwamba hataki kuona kompyuta kwenye kikoba chake, marufuku! Tofauti ni kwamba serikali ilikuwa na wizara nzima, mimi nilikuwa na mwembe.

Lakini tuulizane, kosa lilikuwa la kompyuta? Mimi naona kosa ni kukiegemea kitu kabla hujajua kinabeba uzito gani. Hata ngazi ya mnazi mtu huitikisa kwanza ndipo apande.

KWA NINI KIFE MAPEMA?

Fundi wangu alinichorea mchoro kwenye boksi la chaja. Chukua beseni la kufulia, alisema, ulitazame kwa ubavuni. Ukingo wa kushoto uko juu, katikati ni bapa, ukingo wa kulia unapanda tena. Ndivyo vifaa vya umeme vinavyokufa. Vingi vyenye ila ya kiwandani, solda iliyoshika vibaya au chipu yenye kasoro, hufa siku za mwanzo. Vilivyovuka hapo huishi kwa amani muda mrefu. Halafu uzee unaingia na vifo vinapanda tena.

Ndiyo maana viwandani kuna kazi maalumu ya kuvichosha vifaa vipya kwa joto na kazi nzito kabla ya kuvipeleka sokoni, ili vile vya kufa vifie mikononi mwao kabla havijamfikia mteja.

Sasa laptopu ya mtumba iko wapi kwenye beseni hilo? Hapo ndipo penye kasheshe. Diski na feni zake ziko ukingo wa kulia kwa sababu ya uzee. Wakati huo huo huenda kabla ya kuuzwa ilifunguliwa, ikawekwa RAM nyingine na betri nyingine, na hivyo vilivyowekwa viko ukingo wa kushoto. Yaani umebanwa pande zote mbili.

Usidhani mwenye kununua kipya cha boksi amepona. Mwaka 1994 kule Marekani, Profesa Thomas Nicely wa Lynchburg College, Virginia, alikuwa anafanya hesabu za namba tasa pacha, yaani namba tasa zinazopishana kwa mbili kama 11 na 13. Akaongeza kompyuta mpya yenye prosesa ya Pentium, bidhaa ya juu kabisa ya Intel wakati huo. Majibu yake hayakulingana na ya kompyuta zake za zamani.

Wewe na mimi tungesema ya zamani ndiyo imekosea. Yeye alikaa miezi anachunguza, akaondoa sababu moja baada ya nyingine, mpaka akabaki na moja: Pentium ilikuwa inakosea kugawanya baadhi ya namba. Akalitangaza mwezi Oktoba mwaka huo. Intel walisitasita mwanzoni, lakini Desemba wakakubali kumbadilishia yeyote atakayetaka. Gharama ilifika dola milioni 475.

Angalia kilichomwokoa profesa. Hakuzitupa za zamani. Kipya alikifanyisha kazi ambayo majibu yake angeweza kuyalinganisha. Kama angekuwa mimi, za zamani zingekuwa chini ya godoro.

KAWE WALIJARIBU KWANZA

Hapa hapa kwetu tuna mfano wa kujaribu. Mwaka 2014 Tume ya Taifa ya Uchaguzi, kama ilivyoitwa wakati huo, ilitaka kuandikisha wapiga kura kwa mashine za BVR zinazochukua picha na alama za vidole. Mwezi Desemba, kabla ya kuzisambaza nchi nzima, ikazijaribu sehemu tatu: Kilombero mkoani Morogoro, Mlele mkoani Katavi, na Kawe, hapa Kinondoni.

Kasoro zikaonekana. Watu wakanuna kwenye foleni, magazeti yakapiga kelele, na wengine wakasema mashine hazifai. Mimi nasema kasoro kuonekana ndiyo faida ya majaribio. Afadhali mashine ikusumbue Kawe mwezi Desemba kuliko kukusumbua nchi nzima siku isiyorudi.

Uandikishaji ukaanza Februari 2015 huko Makambako, Njombe. Ilipofika mwanzoni mwa Aprili na kazi haijaisha, Mwenyekiti wa Tume, Jaji Damian Lubuva, akatangaza kuahirisha kura ya maoni ya Katiba iliyopangwa kufanyika Aprili 30. Watu walilalamika, lakini kusema "bado" mapema ni bora kuliko kuaibika siku yenyewe.

Majirani zetu Kenya waliipata siku yenyewe. Machi 4, 2013 walikwenda kwenye uchaguzi mkuu wakiwa na vifaa vya kielektroniki vya kutambua wapiga kura. Vituo vingi vikakwama. Vifaa vingine viligoma, vingine vikaishiwa betri. Kilichookoa jahazi ni daftari la karatasi. Betri tu, jamani! Kitu ambacho ungekijua kwa kukiwasha na kukiacha mpaka kizime.

KWATA LA SIKU TATU

Baada ya miezi kadhaa nilipata laptopu nyingine, na safari hii nilikuwa nimefundishwa na fundi. Yeye anaita kuipigisha kwata, kama kuruta aliyefika kambini. Usimwonee huruma, maana akianguka kambini ni nafuu kuliko kuanguka vitani. Kata na utunze.

KABLA YA KULIPA. Kubaliana na muuzaji siku za kurudisha, hata tano au saba, ziandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya siri ya mashine iliyobandikwa chini yake. Akikataa kabisa, ameshakujibu. Hapo hapo dukani bonyeza kila kitufe, chomeka flashi kila tundu, jaribu kamera, spika na chaja. Weka skrini nyeupe tupu kisha nyeusi tupu uone madoa. Hakikisha RAM na ukubwa wa diski ni vile ulivyoambiwa.

SIKU YA KWANZA, BETRI NA DISKI. Jaza chaji, chomoa waya, weka video icheze mpaka laptopu izime, huku umetazama saa. Kama ina Windows, fungua kile kidirisha cheusi cha amri uandike powercfg /batteryreport. Itatengeneza ripoti inayoonyesha betri ilizaliwa na uwezo gani na sasa imebaki na uwezo gani. Ukikuta umebaki nusu, ujue unanunua nusu betri.

Kwa diski, tumia programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo. Ikionyesha buluu ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni msiba. Tazama pia saa ambazo diski imeshafanya kazi. Mwaka mzima una saa 8,760. Ukiambiwa laptopu haijatumika halafu diski ina saa 20,000, huyo amekesha zaidi ya miaka miwili, na wewe unaambiwa mwali! Kisha ijaze mafaili mpaka ikaribie kufurika na uyafungue tena. Diski mbovu hujitangaza hapo.

USIKU WA KWANZA, RAM. Programu ya MemTest86 inawekwa kwenye flashi, laptopu inawashwa kupitia flashi hiyo, inaandika na kusoma memori usiku kucha. Asubuhi unatakiwa ukute makosa sifuri. Usiseme "ni kosa moja tu". Kosa moja ndilo linalogeuza 60,000 kuwa 6,000 bila kukuambia.

SIKU YA PILI, JOTO. Hili ndilo lililoniua. Usiipime kwenye kiyoyozi. Ipime saa nane mchana chumbani kwako, chini ya bati lako, kwa sababu humo ndimo itakamoishi. Programu inaitwa Prime95. Ilitengenezwa na George Woltman kwa ajili ya kutafuta namba tasa kubwa, kazi inayoichosha prosesa kuliko kitu chochote utakachofanya wewe. Ni kali kiasi kwamba mwezi Januari 2016 Intel walikiri kasoro kwenye prosesa zao za Skylake, iliyogunduliwa na wawindaji wa namba tasa wanaotumia programu hiyo hiyo. Namba tasa tena, umeona?

Iache ifanye kazi saa mbili tatu huku ukitazama joto kwa programu kama HWiNFO. Prosesa nyingi za laptopu zikikaribia nyuzi 100 hujipunguza kasi zenyewe, na zikizidiwa huzima. Ikifika huko, feni isafishwe na dawa ya joto ipakwe upya, au irudi dukani. Iweke mezani, si kitandani, maana godoro linaziba matundu ya hewa. Na usiiache peke yake ukaenda kwenye mpira. Kaa nayo.

SIKU YA TATU, KAZI YAKO. Fanya ile kazi uliyoinunulia, lakini kwa vurugu. Fungua kila kitu kwa pamoja. Funika na kufunua mara ishirini. Chomoa umeme ghafla uone kama betri inaipokea, kwa sababu mtaani umeme haukatiki kwa taarifa.

Flashi nazo usiziamini kwa maandishi ya juu. Kuna zinazoandikwa GB 64 na ndani ni 8. Ukijaza, mafaili yanaonekana yapo, ukifungua ni hewa. Programu ya H2testw huijaza yote na kuisoma tena, ikakwambia ukweli.

MAMA AKAKUBALI, KWA MASHARTI

Ile laptopu ya pili ilimaliza kwata. Siku ya pili ilifika nyuzi 97, nikairudisha, muuzaji akaisafisha mbele yangu bila ugomvi, ikashuka hadi 84. Nikaenda kwa mama nikiwa mpole kama paka wa msikitini.

Mama alisikiliza, kisha akatoa sharti lake. Jumamosi nne, kaunta buku na laptopu zitaandika pamoja. Mwisho wa kikao jumla zisomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote. Zikipishana hata shilingi, hakuna anayeondoka.

Jumamosi ya kwanza zikalingana. Ya pili zikalingana. Ya tatu zikapishana kwa 5,000! Akina mama wakaguna, mimi jasho likanitoka. Tukarudia mstari kwa mstari. Laptopu ilikuwa sahihi. Aliyekosea kujumlisha kwenye kaunta buku alikuwa mimi.

Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. "Kumbe anayetakiwa kupigishwa kwata ni wewe!"

Leo kikoba kinatumia laptopu. Nakala inakaa kwenye flashi iliyopimwa kwa mwenyekiti, na kaunta buku halikurudi chini ya godoro. Kila Jumamosi jumla inaandikwa humo kwa kalamu na wanachama watatu wanatia saini. Zile 140,000 za genge nimesharejesha 90,000. Deni la mama halina riba, ila nalilipa kila mwezi.

Kwa hiyo msomaji wangu, ukinunua laptopu, usiitazame sura wala usisikilize muziki wake dukani. Ipeleke kwenye joto, kwenye vumbi, kwenye umeme wetu huu, uichoshe siku tatu. Na hata ikishinda, kile cha zamani usikitupe mpaka kipya kimekaa nacho bega kwa bega mwezi mzima.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.